Disketi Nilizozikalia

Nilichukua boksi la disketi kutoka mezani, nikaliweka kwenye kiti changu, nikalikalia.

Sikuwa nimepanga. Mkuu wa kituo chetu cha mradi alikuwa amesimama mlangoni akimwelekeza fundi aliyeshuka na treni ya asubuhi: aanze na kompyuta ya mapokezi, aende ya uhasibu, amalizie na ya kwangu. Aliposema amalizie na ya kwangu, mkono ukaenda wenyewe. Boksi lilikuwa la karatasi ngumu na kona zake zilichoma. Nikavuta sketi, nikakunja mikono.

"Binti," mkuu akasema, "toa hizo disketi."

"Hazitoki."

"Unasemaje?"

"Nasema hazitoki. Za kompyuta nyingine nitampa fundi, moja moja, nikiwa nimekaa hapa hapa. Hii yangu haiguswi mpaka nimechapa ripoti na nimeondoka likizo."

Mhasibu akaacha kupiga hesabu. Fundi, kijana wa Dar es Salaam mwenye suruali pana na raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi la Mpanda, akaangalia dari. Mkuu akaangalia kiti, akaniangalia mimi, akaangalia ukuta. Kwetu mwanamume mwenye heshima zake hapitishi mkono chini ya mwanamke aliyeketi, hata kama kilichoko chini ni mali ya mradi. Nilikuwa nalijua hilo, naye alijua kwamba nalijua.

"Huyu ana nini leo?" akamuuliza mhasibu, kana kwamba mimi sipo.

"Muulize mwenyewe," mhasibu akasema. "Mimi nina hesabu zangu."

Wakati ule Mpanda ilikuwa wilaya tu ya mkoa wa Rukwa. Habari za mkoa wa Katavi zilikuwa bado hazijazaliwa. Nilikuwa karani kwenye mradi wa mbegu na mifugo. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kupiga taipu kwa masista, na siku ya usaili hakuna aliyeniuliza habari za kompyuta, kwa sababu waliokuwa wananiuliza walikuwa hawazijui. Kazi yangu ilikuwa kuingiza orodha za wakulima waliochukua mbegu na wafugaji walioogesha ng'ombe, kuanzia Kasansa mpaka Majimoto, na kila msimu kutengeneza ripoti, kuichapa, na kuipeleka stesheni iende makao makuu.

Mwanangu alikuwa Majimoto kwa mama yangu. Nilimwacha hajafikisha miaka miwili, nilipopata kazi, nikisema ni kwa muda mfupi. Baba yake alipanda treni kwenda Tabora kutafuta maisha, na anayatafuta mpaka leo. Huyo nimemmaliza.

Nilipanga chumba kimoja mtaa wa Kawajense. Watu hudhani upweke ni kukosa wa kuongea naye. Mimi nilikuwa na watu wa kuongea nao, uwanja mzima wa nyumba umejaa. Upweke wangu ulikuwa kwenye sufuria. Ugali wa mtu mmoja haushikiki mwikoni. Unazunguka tu pale chini, unaungua kabla haujaiva. Nilijaribu kupika mwingi, ukabaki, nikaula asubuhi umekauka. Jioni wanawake wa uwanja ule walikuwa wanaogesha watoto wao kwenye mabeseni, na kila mtoto aliyelia nikageuka. Mke wa mwenye nyumba aliona. Akaniambia, "Mlete wa kwako basi, mchana nitakaa naye. Hawa wangu watano, wa sita hataonekana."

Basi ilikuwa imebaki kumfuata. Lakini nilipokwenda mwaka ule kwenye sikukuu ya wakulima, kwa lori la mpunga, nikalala usiku mmoja, mtoto alinificha uso. Wadogo zangu pale nyumbani wananiita dada, na yeye amekua akiwasikia. Aliponiona nafunga mfuko wangu asubuhi akamvuta bibi yake kanga, akamwambia, "Mama, dada anaondoka saa ngapi?"

Mama hakucheka. Alinichukua pembeni, kwenye banda la kuku.

"Usifikirie kumbeba leo," akasema. "Huyu si mbuzi wa kufunga kamba ukamtupa kwenye lori. Njoo ukae naye. Ulale naye, umwogeshe, akuchoke. Siku akikulilia wewe badala yangu, ndipo muondoke."

"Itachukua muda gani?"

"Mimi najuaje? Muulize yeye."

Kwa hiyo nilihitaji likizo nzima, si siku ya sikukuu. Na nilihitaji kabla ya mvua, kwa sababu njia ya Majimoto inapita katikati ya mbuga, na mvua zikishakolea malori hayapiti. Yanazama kwenye tope la mfinyanzi na madereva wanalala juu ya mizigo wakisikiliza viboko. Ukikosa kabla ya mvua, umekosa mpaka kiangazi. Sheria ya mkuu ilikuwa moja: ripoti kwanza, likizo baadaye. Sikuipinga. Ilikuwa sheria ya haki.

Tatizo ni kwamba kila ripoti ilipokaribia kwisha, treni ilileta disketi.

Siku hizi simu inajisasisha yenyewe mtu amelala. Sisi tulisema toleo jipya, na toleo jipya lilikuja na mtu, ndani ya begi, kutoka makao makuu. Ilikuwa mwishoni mwishoni mwa miaka ya tisini na wakubwa walikuwa wameshikwa na hofu ya mwaka elfu mbili. Walisema saa za kompyuta zitachanganyikiwa, mishahara itapotea, ndege zitaanguka. Ng'ombe wa Majimoto hawakuwa na habari, waliendelea kuogeshwa. Lakini amri ilitoka juu kwamba kompyuta zote za mradi zipate toleo jipya, na likija jingine zipate na hilo.

Tulikuwa na kompyuta tatu na kila moja ilikuwa na kabila lake. Ya mapokezi ndiyo ya kisasa, yenye rangi, unaiendesha kwa kipanya. Ukiipa toleo jipya ilichora kamstari ka bluu kanatambaa kutoka kushoto, nawe unakaa unakakodolea kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Kakifika mwisho inakupongeza. Kesho yake unaiwasha, inasema hakuna printa. Printa iko pale mezani, nimeipangusa vumbi mimi mwenyewe, waya umeingia, lakini yenyewe imeshasema hakuna.

Ya uhasibu iliachwa na mtaalamu mmoja wa kizungu aliyemaliza mkataba. Hiyo ilikuwa ya jamii nyingine kabisa, skrini na mwili ni kitu kimoja, na disketi zake hazikuingiliana na za mwenzake. Yenyewe ilipokea toleo jipya kimya kimya, haikugoma, haikuzimika, na mhasibu akaisifia wiki nzima, akitucheka sisi wengine. Kisha akataka kufungua hesabu za mwaka uliopita, ikamwambia haizijui. Si kwamba zimefutika. Ziko, anaziona kwa majina, ila imekataa kuzifungua. Jioni mhasibu alikuwa amerudia daftari lake la karatasi.

Ya kwangu ilikuwa kuukuu, skrini nyeusi, herufi nyeupe. Haina picha, haina kipanya. Unaiandikia amri, inatii. Ukikosea herufi moja inakujibu kwa ufidhuli. Fundi wa kwanza kabisa aliyetufungia zile mashine aliniambia kitu nilichokishika: hii ukiipa toleo jipya usipolipenda, unarudisha disketi zake za zamani, mnaendelea. Zile nyingine zikishapokea hazirudi zilikotoka. Sisemi kwamba ya kwangu ilikuwa bora. Ilikuwa pole pole, na huo mwaka elfu mbili ilikuwa haiujui. Niliisogeza kalenda siku moja kuijaribu, ikaniambia tuko miaka ya nyuma kabisa, mimi bado naenda shule ya msingi. Lakini orodha zangu zilifunguka vile vile. Kila asubuhi nilikuta kile nilichokiacha jana. Sikuwa na kitu kingine cha namna hiyo katika maisha yangu wakati ule, wala mtu.

Mara ya kwanza toleo jipya lilikuja kwa ile ya mapokezi tu, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiitumia mimi kwa ripoti, kwa sababu ilichapa vizuri. Fundi wa siku ile alizoea umeme wa Dar es Salaam. Hakuuliza. Sisi umeme wetu ulikuwa wa jenereta la mji, na jenereta lilikuwa na ratiba yake na hasira zake. Kamstari ka bluu kalikuwa kamefika katikati umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikawaka ikakaa hivyo, haijui yenyewe ni ya zamani au ni mpya. Ikafungwa ndani ya blanketi, ikapakiwa treni. Ilirudi imepona na haina kitu ndani. Nikaanza orodha upya, jina kwa jina. Nilipomaliza, mvua ilikuwa imeshakata njia.

Mara ya pili ndiyo ile ya printa. Ilikuwa baada ya mimi kutoka Majimoto, baada ya "dada anaondoka saa ngapi". Ripoti imekamilika, iko pale inaonekana, na haichapiki. Nilituma ujumbe makao makuu kwa redio ya polisi, nikajibiwa fundi atakuja na toleo la kurekebisha toleo. Nilicheka kwa sauti hadi askari wa redio akaniuliza kama niko sawa.

Hapo ndipo nikahamia kwenye kuukuu langu, nikachomeka printa kwake, nikaanza orodha upya. Nikawaambia wote, ripoti sasa inatengenezwa hapa, kwenye mashine ambayo haijawahi kupewa kitu.

Sasa lazima niseme kuhusu mkuu, maana alikuwa si mtu mbaya na sitaki mtu asome hapa akadhani ni shetani. Mkuu alikuwa mtu wa mgao. Ujana wake alikuwa katibu wa duka la kijiji zile enzi sukari na sabuni vikigawiwa kwa kaya, na fahari ya maisha yake ilikuwa kwamba hakuna nyumba iliyowahi kurukwa. Alilisimulia hilo kila mara: jinsi mwenyekiti fulani alivyotaka kipande cha kanga cha ziada akamnyima mbele za watu. Kwake toleo jipya lilikuwa mgao kama ule. Limetoka juu, limeshuka kwa treni, kila meza ipate chake. Kuiruka meza moja ilikuwa dhambi.

"Hata ile nzee," alisema. "Sisi hapa hatubagui."

"Mkuu, dawa anapewa mgonjwa. Hii haiumwi."

"Na chanjo je? Anapewa nani?"

Lilikuwa swali zuri, nakiri. Jibu lilinijia siku nyingi baadaye nikiwa nafua: chanjo hatuwapi watoto wote asubuhi moja kutoka kwenye chupa ambayo hakuna aliyeijaribu, halafu daktari akakimbilia treni. Na ndivyo ilivyokuwa. Fundi alishuka asubuhi, treni iligeuza mchana, naye akageuza nayo. Alichokivuruga alikuachia wewe.

Basi siku ile ya kiti, ripoti ilikuwa imechapwa yote isipokuwa orodha ya Kasansa. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima, yanatishia yanarudi. Likizo yangu ilikuwa imekubaliwa kwa mdomo. Nilihitaji umeme wa mchana mmoja tu.

Nilikaa juu ya lile boksi. Fundi akanisogelea, akachuchumaa kando ya kiti kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Sista," akasema chini chini, "mimi natumwa tu. Hata mimi hizi sijawahi kuzijaribu. Nimepewa nimeambiwa weka."

"Umesikia?" nikamwambia mkuu. "Mwenyewe hazijui."

"Nimesema sijazijaribu, sijasema sizijui."

"Tofauti yake ni nini?"

"Sista, usiniingize kwenye ugomvi wa ukoo wenu."

Mhasibu akacheka. Mkuu akatazama saa. Treni haimsubiri mtu. Mwishowe akasema, mbele yao wote, "Haya. Ya kwako iachwe. Toa hizo nyingine."

Nikainuka, boksi lote nikamkabidhi, maana ahadi ilikuwa imetolewa mbele za watu. Fundi akazipokea, akazipima kwa kiganja. "Zimepata joto hizi," akasema. "Zikigoma, nitaandika kwamba ziliatamiwa."

Nikacheka na mimi. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu redio ya polisi. Nikamwachia ofisi, nikaenda sokoni kuulizia lori la Majimoto. Dereva akaniambia Jumatatu, mbele kuna nafasi, wahi. Pale pale karibu palikuwa na mama anayeuza viatu vya mtumba vya watoto. Nikaokota kandambili ndogo nyekundu.

"Mguu wake saizi gani?" akaniuliza.

Nikafungua kiganja nikamwonyesha: kutoka hapa mpaka hapa. Kisha nikakumbuka kwamba huo ni mguu wa sikukuu ya wakulima. Nikaongeza kidole. Nikatazama, nikapunguza. Yule mama akangoja kwa adabu. Nikazirudisha, nikamwambia nitapita baadaye.

Niliporudi ofisini skrini yangu ilikuwa na rangi ya bluu.

Kamstari kalikuwa kamesimama karibu na mwisho, hakatambai. Fundi alikuwa anafunga begi, hakuniangalia.

"Nilimwambia mkuu, sista. Nilimwambia humo ndani nafasi haitoshi. Imemeza mpaka imejaa, imekwama."

"Na kazi yangu?"

"Imo humo humo. Haijafutika. Ila kuifikia mpaka niipeleke makao makuu waifungue."

"Rudisha la zamani."

"Disketi za zamani ziko wapi?"

Zilikuwa kabatini kwa mkuu, na mchwa walikuwa wametutangulia. Nikageuka. Mkuu alikuwa amesimama pale pale mlangoni, na kwa kweli hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa na uso wa mtu aliyetimiza wajibu ukamuumiza.

"Wameandika kompyuta tatu," akasema. "Niwajibu nimegawa mbili? Hiyo moja nimeipeleka wapi?"

"Uliniahidi mbele za watu."

"Nilikosea kuahidi."

"Na likizo yangu?"

"Ripoti kwanza, binti. Sheria ulikuwa unaijua."

Sikupiga kelele. Wote walitegemea nipige, mhasibu alishasogeza kikombe chake cha chai. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za ghala. Fundi akapita amebeba kompyuta yangu kifuani kwa mikono miwili, akaniaga. Baadaye nikasikia treni ikipiga honi. Nyumbani, Kawajense, walikuwa wanaogesha watoto. Nikapita moja kwa moja ndani, nikafunga mlango, na siku hiyo sikupika.

Kesho yake nikaomba ufunguo wa stoo, nikatoa ile mashine ya taipu ya zamani, nikapuliza vumbi, nikaandika malalamiko. Kwa utaratibu wa kazi, barua ya kwenda juu lazima ipitie kwa mkuu wako, hata kama anayelalamikiwa ni yeye. Nikampelekea. Aliisoma akiwa amesimama, pole pole, midomo ikicheza.

"Hii inanihusu mimi," akasema.

"Ndiyo maana inapitia kwako."

Alifungua droo, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga. Nilimheshimu kwa hilo, na hasira haikupungua hata chembe. Barua ilisema hivi:

Kwa Afisa Utawala, Makao Makuu ya Mradi.
Kupitia kwa Mkuu wa Kituo, Mpanda.

YAH: MALALAMIKO JUU YA KUWEKEWA TOLEO JIPYA BILA KUKUBALIANA NA ANAYEITUMIA KOMPYUTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani wa kituo hiki. Nalalamika kwamba mnaleta matoleo mapya ya kompyuta kwa treni ya asubuhi na fundi wenu anaondoka na treni ya mchana, kwa hiyo hayupo mambo yanapoharibika, na mambo yanaharibika kesho yake. Ya mapokezi ilikatikiwa na umeme ikapoteza kazi ya msimu mzima. Iliporudi ikapewa jingine, ikaikana printa. Ya uhasibu imekataa vitabu vyake yenyewe. Ya kwangu ilikuwa nzima, jana imewekewa toleo lisiloenea ndani yake, sasa iko njiani kuja kwenu. Mimi si fundi. Lakini najua kwamba mbegu mpya tunaipanda kwanza kwenye shamba moja la majaribio, tukaona inavyoota, ndipo tunaigawa kwa wakulima. Mradi huu ndio uliotufundisha hivyo. Kwa nini kompyuta mnazigawia zote siku moja?

Namlalamikia pia Mkuu wa Kituo kwa kutoa ahadi mbele ya mashahidi na kuivunja nikiwa sipo. Yeye atasema aligawa sawa kwa wote. Ni kweli aligawa sawa. Hasara haikugawanyika sawa, imenijia mimi kila mara, kwa kuwa ni mimi ninayerudia kuandika na ni likizo yangu inayofutwa.

Ripoti ya msimu inaambatana na barua hii, isipokuwa orodha ya Kasansa. Hiyo imo ndani ya kompyuta mtakayoipokea. Ifungueni mtaikuta. Mimi siiandiki tena.

Ninaye mtoto Majimoto ambaye hanijui kuwa ni mama yake. Jumatatu naenda kukaa naye mpaka anizoee. Siombi ruhusa, natoa taarifa. Nitarudi lini siwezi kuandika hapa, kwa sababu si mimi ninayepanga, ni yeye.

Karani, Mpanda.